Mfuko wa Uzazi Uliozikwa Migombani

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la kliniki, kikapu mapajani, nikisubiri jina la mwanangu liitwe. Bado nimekaa hapo hapo. Kwa wewe ambaye gazeti lilikupita, au lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nikukumbushe kidogo.

Mimi ni Tekla Kalinga wa Iringa, mjane, bibi wa wajukuu wanaokula kuliko wanavyolima. Binti yangu Yusta ameolewa Mbeya, anakaa mtaa wa Soweto, anauza mchele pale soko la Mwanjelwa. Alivuja damu mpaka viganja vikapauka. Nikapanda basi nikaja kumuuguza. Hospitali wakamkuta na uvimbe, wakamtoa mfuko wa uzazi pamoja na uvimbe wake. Mume wake, Tusajigwe, alikuwa machimboni Chunya na simu haishiki. Aliyesimama badala yake ni baba yake mkubwa, Mzee Andendekisye wa Uyole.

Siku ile ya upasuaji nesi alitoka na kindoo cha plastiki chenye mfuniko. Akasema, "Ndugu wa Yusta, hii nyama ipelekwe maabara, jengo la pili, dirisha la mwisho." Yusta alikuwa anatapika, mimi nimemshika kichwa. Mzee akanyoosha mkono, akakipokea kindoo, akaondoka nacho.

Hapo ndipo tulipokosea. Lakini tulikuwa hatujui.

Nawategea kitendawili kidogo kabla sijaendelea. Nyumba yangu kila mtu amewahi kukaa ndani yake, na hakuna anayeukumbuka mlango wake. Mnanipa mji? Haya, ni mfuko wa mama. Msicheke, ndio unaotutoa jasho wiki hii.

Jina likaitwa. Tukaingia, mimi na Yusta.

Daktari Sosthenes ni kijana mpole, wa kuongea chini chini kama yuko kanisani. Akatazama kompyuta yake, akatazama tena.

"Bibi, majibu ya kinyama yako wapi?"

"Si mnayo ninyi, baba?"

"Hatuna. Maabara wanasema hawajawahi kupokea nyama ya Yusta."

Yusta alikuwa anaangalia kalenda ya ukutani. Tangu atoke wodini yuko hivyo. Ukimpa uji anakunywa. Usipompa, hadai.

"Bila ile nyama," daktari akasema, "sijui kama ule uvimbe ulikuwa wa kawaida au ni kansa. Kama ni kansa, kuna dawa za dripu, na zinatakiwa kuanza mapema. Kama sio, nikimpa zile dawa nitakuwa namuumiza bure. Siwezi kubahatisha kwenye mwili wa mtu."

"Na kama ni kansa, halafu hatukuanza?"

"Inarudi, bibi. Na ikirudi haipigi hodi."

Nilijipapasa kutafuta machozi, kama mtu anavyopapasa mfukoni kutafuta funguo. Hayakuwepo. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, kuanzia kwenye meno.

Nje, Mzee Andendekisye alikuwa amekaa kwenye ngazi na koti lake la sufu. Tusajigwe, aliyekuwa amerudi kutoka Chunya, alisimama mbali kidogo, uso chini. Ndio adabu yao. Mkwe hasimami karibu na mama mkwe wake.

"Mzee," nikasema, "kile kindoo ulikipeleka dirisha gani?"

"Dirisha?" Akanitazama kama nimemuuliza njia ya kwenda mwezini. "Sikukipeleka dirishani. Nilikipeleka nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Uyole. Nilizika."

Tusajigwe akainua uso. "Ulizika nini, baba?"

"Mfuko wa mkeo. Ulitaka niuache dirishani kama sahani ya mgahawa? Makondo ya watoto wako wote yamelala chini ya mgomba wangu. Mfuko ndio mama yao. Wewe uliona wapi mama anazikwa mbali na wanawe?"

Nesi mmoja aliyekuwa anapita akasimama, akasikia, akaendelea na safari yake.

Sitamtukana Mzee, na ninyi msimtukane. Kwetu Iringa mguu wa kaka yangu ulipokatwa tuliuleta nyumbani, tukauzika, mchungaji akasali, tukala ugali. Mtu hagawanywi akaachwa njiani. Hata mimi, kama nesi angesema "chukueni" bila kusema "maabara", ningechukua jembe.

Ila na mimi ni Mhehe, na Mhehe ana shingo ngumu. Nikauliza nisilopaswa kuuliza.

"Na kwa nini Uyole? Mwili wa mwanangu ni wa Iringa."

"Mama Yusta, ng'ombe wetu walikuja Iringa kwa ajili ya mfuko ule ule."

"Ng'ombe walikuja kwa ajili ya Yusta mzima."

"Basi hicho kilichobaki chukueni ninyi."

"Baba," Tusajigwe akasema.

Yusta alikuwa hapo hapo ameegemea nguzo, anasikia anavyogawanywa kama nyama ya msiba, hata kope haikutikisika.

Daktari Sosthenes akatoka, tukamweleza. Hakucheka wala hakufoka.

"Kama bado iko ndani ya kindoo na dawa yake," akasema, "nendeni mkaichimbue leo. Ile dawa inatunza. Yawezekana bado ikasomeka."

Tukamwacha Yusta nyumbani Soweto, sisi watatu tukachukua bajaji mpaka Uyole. Njiani dereva akatupa pole, akidhani tunatoka msibani.

Migomba ya Mzee iko nyuma ya jiko. Tusajigwe akaja na jembe. Mzee akasimama mbele yake.

"Kaburi halichimbuliwi. Ukilichimbua unamwita mwenyewe aje alale."

"Baba, tusipochimba, mwenyewe anakuja kulala hivyo hivyo."

Sijawahi kumsikia mkwe wangu akimjibu mkubwa wake. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kujisikia. Mzee akamtazama. Kisha akapisha.

"Chimba. Ila hutakuta kindoo."

"Kiko wapi?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu. Kindoo kilikuwa pembeni ya ukuta wa jiko, cheupe, jina la Yusta bado limebandikwa ubavuni. Kuku walikuwa wananywea maji humo.

"Na ile dawa?"

"Niliimwaga. Ilikuwa inachoma macho. Mtu hazikwi ndani ya dawa, Mama Yusta, anazikwa ndani ya nguo. Nilimfunga kwenye kitenge kipya. Kina picha za tausi."

"Kitenge kizuri?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Kizuri sana. Nilikuwa nimemnunulia mke wangu."

Tusajigwe akaegemeza jembe kwenye mgomba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu siku ile, udongo wa pale ni laini kama unga wa ulezi. Hata mimi niliyeishia darasa la saba najua nyama inakuwaje kwenye udongo kama ule.

Hatukuchimba. Mke wa Mzee akatuletea chai. Nikainywa yote, nikarudisha kikombe, ndipo nikasikia akimwambia mwenzake kwamba amesahau kuweka sukari.

Tukarudi Soweto. Yusta alikuwa mkekani anachambua maharage, polepole, moja moja, kama mtu asiye na pa kwenda. Nikakaa karibu yake nikamwambia yote. Mgomba, kuku, kitenge. Sikuficha kitu.

Akachambua maharage mengine kidogo, kisha akasema, "Kuna kingine."

"Kingine nini?"

"Kipande. Kabla sijaingia kupasuliwa alikuja dada mmoja wa utafiti, anaitwa Kudra. Akasema wanakusanya vinyama vya uvimbe wa akina mama wa huku kwetu, wavisome, siku moja wapate la kuwasaidia wengine. Akaniomba nikubali wachukue kidogo kwenye ule wangu. Nikakubali."

Tusajigwe alikuwa mlangoni. "Ulikubali bila kuniuliza?"

"Ulikuwa chini ya ardhi, baba Happy. Ningekuuliza kwa kupiga mguu chini?"

Mume akavua kofia, akaivaa tena.

"Ukawapa nyama yako hivi hivi tu?" akauliza.

"Ilikuwa inatoka, iende wapi? Nilisema kama kuna mwenzangu atafaidika nayo, haya."

Nilitaka kumkumbatia. Mikono haikuinuka. Nikamsaidia kuchambua maharage.

Tusajigwe akampigia Mzee simu kumweleza, maana kwao jambo halilali bila mkubwa kulijua. Sauti ya Mzee tuliisikia wote bila kuwekewa spika. "Kesho nakuja kukichukua hicho kipande. Huyo mtoto haponi kwa sababu mmemgawa. Mtu hawezi kulala nusu udongoni, nusu kwenye friji."

Asubuhi tukaenda wote wanne. Jengo la watu wa utafiti liko kivyake, lina maua mlangoni na sakafu inayong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Kudra akatoka kutupokea, binti wa Kiislamu, ushungi wa rangi ya maziwa, macho ya kukosa usingizi.

"Kamwene, bibi," akaniambia.

"Kamwene, mwanangu. Kihehe umekitoa wapi?"

"Nimezaliwa Iringa. Babu yangu Matano alikuwa na duka la vitambaa pale sokoni."

Matano namjua. Aliwahi kunipimia kitambaa cha harusi yangu, akaniongezea mkono mzima bila kusema. Nikajisikia niko kwa mtu wangu. Basi nikakaa.

Mzee hakukaa. "Binti, tumekuja kuchukua kipande chetu."

"Shikamoo, babu. Mnataka kukifanyia nini?"

"Marahaba. Kukizika. Mwenzake amekwisha tangulia."

Kudra hakushangaa kama nilivyotegemea. "Kipo," akasema. "Kimehifadhiwa ndani ya nta, kidogo, kama punje ya hindi. Na ni haki ya Yusta kukidai. Ila ni Yusta. Hakuna mwingine anayeweza kukidai, hata awe nani kwake."

Wote tukamgeukia Yusta. Yeye alikuwa anaangalia maua ya mlangoni.

"Kisomwe kwanza," nikasema mimi. "Mzee, nakuomba kama mkwe. Kisomwe, kituambie kama ni kansa, halafu mkakizike hata kwa bendi ya matarumbeta."

Mzee akawaza. Akashusha pumzi. "Kisomwe, halafu nipewe."

Nikageuka kwa Kudra na shukrani tayari mdomoni. Nikamkuta ameinamisha kichwa.

"Bibi," akasema, "kimeshasomwa."

"Kimesomwa lini?"

"Muda tu. Jibu lipo."

"Basi si useme, mwanangu?"

"Siwezi."

Tusajigwe akasogea hatua moja. Kudra akaendelea, akimwangalia Yusta tu, sauti imeshuka.

"Siku ile nilimuuliza mambo mawili. La kwanza, tuchukue kipande? Akasema chukueni. La pili, tukikutana na jambo la afya yako humo ndani, tukuambie? Akasema hapana, msiniambie. Neno lake linanifunga mpaka alibadilishe mwenyewe. Sisi tulijua majibu ya matibabu atayapata kwa daktari wake, kutoka maabara ya hospitali. Hatukujua yamezikwa."

Mzee Andendekisye akatazama viatu vyake.

Nikamshika Yusta goti. Lilikuwa la baridi. "Mwanangu, kwa nini ulisema hapana?"

Akayaacha maua ya mlangoni, akanigeukia.

"Mama, unamkumbuka Yudith? Aliyekuwa anauza karibu na meza yangu?"

Namkumbuka. Mwanamke wa kicheko, mabega kama ya fundi ujenzi.

"Alikuwa anajitwika gunia la mchele peke yake. Akaenda kupima, wakamwambia ni kansa. Wiki ile ile akawa hawezi kubeba hata kikombe. Mimi nilimuona, mama. Ugonjwa ulikuwa naye siku zote na alikuwa anabeba magunia. Neno ndilo lililomlaza."

"Yudith alichelewa, mwanangu."

"Labda. Ila mimi nilimuona."

"Tangu ukiwa mdogo nakutegea kitendawili, kikikushinda unanipa mji, nami nakupa jibu. Ndivyo mchezo unavyokwenda."

Akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu nifike Mbeya. "Leo nakupa mji, mama. Chukua Mbeya yote na milima yake. Ila jibu baki nalo wewe."

Akamgeukia Kudra. "Mwambie mama. Mimi nisiambiwe."

"Dada Yusta, una hakika? Atakaa na jambo hilo peke yake."

"Mama amekaa na mengi."

Na mimi nikaapa mbele yao wote kwamba sitamwambia. Niliapa upesi, kama mtu anayepokea mzigo kabla hajaulizia uzito wake.

Kudra akaniingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Hakuzunguka.

"Ni kansa, bibi. Ya kwenye mfuko. Haijaonyesha kuwa ni ile kali kupita zote. Dawa zipo hapa hapa Mbeya na zinasaidia, akianza sasa. Akikaa, sitaki kukudanganya."

Nikaitikia kama ninayetajiwa bei ya viazi. Kisha nikamuuliza, "Hicho kipande, kinasikia baridi huko kilipo?"

"Hapana, bibi. Ndani ya nta hakuna baridi."

"Vizuri."

Akanishika mkono. "Kuna jambo moja nataka ulielewe. Hakuna daktari atakayemtundikia dripu zile mtu mzima mwenye akili zake asiyejua anatibiwa nini. Lazima akubali mwenyewe. Na hawezi kukubali asichokijua."

"Nimemuapia."

"Nimesikia."

"Sasa nifanye nini?"

Mjukuu wa Matano akaniachia mkono. Akafungua mlango.

Nikatoka. Mzee Andendekisye alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi. Sikuwa nalia. Nilikuwa natembea kawaida, naamini uso wangu ulikuwa wa kawaida. Lakini Yusta alinitazama mara moja tu, akainama, viwiko kwenye magoti, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili na kufumba macho.

"Mama Yusta," Mzee akasema, "wamesema nini?"

Nikamwonyesha Yusta kwa macho.

"Ameziba. Hasikii. Sisi ndio tutakaomuuguza, sisi ndio tutakaomzika. Tuambie."

Tusajigwe akanisogelea. Akaja karibu kabisa, mpaka nikasikia harufu ya vumbi la Chunya kwenye shati lake, mkwe ambaye hajawahi kunipa hata mkono. Akaniangalia machoni.

"Mama, nakuomba. Ni mke wangu."

Niliapa kutomwambia Yusta. Hawa sikuwaapia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na bado sijui kama ilikuwa busara au uchovu.

"Ni kansa," nikasema, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. "Dawa yake ipo. Lakini aanze sasa, na aanze kwa kukubali mwenyewe. Tukingoja, tutampoteza."

Tusajigwe akageukia ukuta. Mzee akakaa kwenye kiti alichokuwa amekikataa asubuhi yote. Akapangusa uso kwa kofia.

"Kile kipande," akasema, "kikae huko huko kilipo. Mimi nilikuwa namzika, kumbe yeye alikuwa bado anaongea."

Nilikuwa nimegeuka kumwangalia mwanangu.

Yusta alikuwa vile vile, ameinama, macho yamefumba. Lakini mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, vimefunguka. Na mimi sikuona ni wakati gani ilishuka.